Trotwari yetu iliuzwa mbele ya kujengwa



Mvua ikianza Lubumbashi, mtu mwenye kutoka ku mitaa mipya anajulikana kwa viatu. Sisi wenye diplome na bila kazi tunajua vizuri. Asubuhi unavaa safi, unabeba dosye, feza ya taxi hakuna, unatembea. Huku kanivo iko wazi, kule ukuta, katikati gari, moto na matope. Ukifika ku biro, sentineli anaangalia viatu kwanza. Diplome baadaye.

Tunaweza kucheka. Lakini mtoto wa miaka 6 anapita hapo hapo. Tangu 2019 shule ya msingi ya Leta ni ya bure, na tulifurahi. Watoto wanaenda kwa miguu, saa ile ile magari yanakimbia kazini, na hakuna mwenye aliwachorea njia.

Tukiuliza, tunaambiwa: "Feza ya trotwari hakuna." Sisi tunasema shida haianzii kwa simenti, inaanzia kwa kalamu. Tupige hesabu. Tuseme avenyu iko na urefu wa metre 200. Mwenye kukata lotisma akiondoa metre 2 kila upande, anapata metre kare 800. Hizo ni parseli mbili za 20 kwa 20. Nafasi ya mama kupita na beseni yake ku kichwa ilikuwa feza ya mtu, naye aliikula.

Na ukuta ukisha kupanda, imeisha. Ili kurudisha trotwari, itabidi kubomolea mtu mwenye alinunua kwa jasho lake na ana karatasi yenye kachet. Nani atamlipa? Njo maana trotwari inadaiwa siku ya plan. Ukingoja miaka 10, utakuta tu nyumba.

Nguvu ya kudai iko. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Leta peke yake. Kwa hiyo anayeuza parseli kwa haki lazima apite ku meza ya Leta, na hapo ku meza njo pa kumsimamisha. Tuangalie pia katikati ya muji, kule Wabelgiji walijichorea barabara pana, na trotwari na miti. Walijifanyia wao, si babu zetu. Sasa zaidi ya miaka 60 imepita tangu uhuru, kalamu iko mikononi mwetu, na tunachora mitaa yenye mtu wa miguu hana pa kukanyaga. Hapa hatuwezi tena kusema ni mkoloni.

Tuseme ukweli kwetu pia. Baba zetu wanasogeza ukuta metre moja mbele, tunanyamaza. Sisi wenyewe tunaweka kibanda cha kuuza unite pale watu wangepita, na jioni tunalia juu ya barabara.

Tunadai mambo matatu:

1. Plan ya lotisma isitiwe sahihi kama haionyeshi trotwari ya metre 2 kila upande, na kanivo yenye kufunikwa.
2. Ile plan ibandikwe ku komine na ku biro ya kartie mbele ya parseli ya kwanza kuuzwa, ili kila mukaaji aione.
3. Mwenye kuuza ajenge trotwari na kanivo za avenyu za kwanza, kisha njo apewe ruhusa ya kuuza sehemu ingine.

Na wewe mwenye kusoma, usingojee Leta peke yake. Kama wazazi wako wanataka kununua parseli, nenda nao. Omba kuona plan. Chukua kamba, pima kutoka ukuta mpaka ukuta, uliza muuzaji: "Mtoto atapita wapi?" Kama hana jibu, feza ibaki mfukoni. Kisha wewe na majirani muandike barua kwa burgumestre, muweke vipimo ndani, na mwombe kachet ku kopi yenu. Barua bila kachet, kesho watasema hawakuiona.

Sisi, vijana raia wa Lubumbashi