Pate si mkia wa Lamu

Mwandishi mmoja wa safari ametuambia gazetini kwamba aliyeuona mji wa Lamu ameona yote, na kwamba kuvuka hadi Pate ni kupoteza siku kwa magofu na mbu. Mbu wapo, simbishii. Hayo mengine ni maneno ya mtu aliyeishia gatini.

Lamu iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na inastahili. Lakini Shanga, kisiwani Pate, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ule wa chini kabisa ukiwa wa karne ya 8. Siyu, kisiwani humo humo, kuna ngome, na kumbukumbu ya Bwana Mataka, mtawala wa mji huo, aliyewatia adabu askari wa Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar. Mafundi wa Siyu walinakili misahafu iliyosifika. Mjini Pate tumbaku hulimwa ndani ya magofu ya Wanabahani, masultani wa zamani wa Pate, majani mapana yakisugua kuta za matumbawe. Mkulima anapalilia kando ya kaburi la kale wala hana habari na kamera yako. Hayo ndiyo magofu yasiyo na maana?

Analalamika pia kwamba hoteli hakuna. Basi utalala kwa watu, ule walacho. Kwani ulifuata nini, kitanda?

Msomaji, usimsikilize. Uliza gatini Lamu saa ya maji kujaa, maana boti haipiti mkondo wa Mkanda maji yakitoka. Vaa kwa heshima, chukua maji ya kunywa, ushukie Mtangawanda, gati ya Pate.