Vibao Visivyosema Kweli

Wenye kutengeneza barabara watatuwia radhi. Sisi si wahandisi, wala hatujui lami hupikwa kwa moto wa kiasi gani. Lakini kibao cha barabarani ni maandishi, na maandishi ndiyo kazi yetu; kwa hiyo katika jambo hili hatutanyamaza.

Hapa Uganda, msafiri atokaye Malaba kuja Kampala hukuta kibao cha pembe tatu chenye sura ya mtu ameshika sepetu. Dereva apunguza mwendo. Atazama kulia, atazama kushoto: hakuna mtu, hakuna sepetu, hakuna hata rundo la kokoto. Lami imekauka zamani, na nyasi zimeota miguuni pa kibao. Mbele kidogo kiko cha pili, chaagiza mwendo wa kilomita 30 kwa saa, na hakuna popote kibao cha kulifuta agizo hilo. Je, atii hadi lini? Hadi Kampala?

Wako wasemao kwamba kibao kilichosahauliwa hakimdhuru mtu. Hatukubali hata kidogo. Mwanafunzi akipewa kitabu chenye uongo kila ukurasa, huacha kusoma. Dereva naye, akiisha kudanganywa na vibao vitatu, cha nne hakitazami; na hicho cha nne ndicho chenye handaki nyuma yake, limechimbwa asubuhi, halina taa wala utepe, na jioni watoto wa shule watapita papo hapo. Kazi iliyopo haina kibao, kazi isiyokuwapo inavyo vitano! Si ajabu madereva wa malori wanaamini zaidi matawi mabichi ambayo wenzao huyatupa barabarani gari linapoharibika. (Hata hayo, gari likiisha kuondoka, mara nyingi huachwa yakauke hapo. Ugonjwa huu umetuingia sote.)

Na lugha je? Vibao vingi vya kazi vimeandikwa Kiingereza peke yake, ilhali malori yatokayo Mombasa hupita hapa kwenda Kigali, Goma na Juba, na ndani yake dereva na utingo wake wazungumza Kiswahili. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Basi tumfundishe mtoto neno «mchepuko» akalisome wapi? Pale Katuna, mpakani na Rwanda, dereva huacha upande wa kushoto akashika wa kulia. Mahali kama hapo maneno mawili ya Kiswahili si anasa.

Twataka mkandarasi asilipwe fungu lake la mwisho mpaka kibao chake cha mwisho kiwe kimeng'olewa. Twataka pia kila kibao cha kazi kiwe na tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kama barua yoyote yenye adabu.

Nasi walimu tusingoje. Kila shule iliyo karibu na barabara kuu iwatume wanafunzi wa madarasa ya juu, pamoja na mwalimu wao, wakisimama mbali na magari, waorodheshe vibao visivyo na kazi na mashimo yasiyo na vibao. Orodha iandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nakala moja ipelekwe ofisi ya wilaya, nyingine ibaki shuleni, ili muhula ujao tujue ni vingapi vingali vimesimama.