WASICHANA WETU NA SAA YA JIONI



Piteni Kaloleni au Jericho saa kumi na moja jioni, mtazame. Wavulana wako uwanjani na mpira. Wasichana wako wapi? Wako bombani na mitungi, wako jikoni, wamebeba wadogo wao mgongoni. Usiku mvulana afungua daftari la hesabu. Dada yake asinzia. Kisha wako baba wasemao, "Wasichana hawawezi hesabu."

Neno hilo si kweli, nasi watu wa reli tunao ushahidi. Reli mpya ilipofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, miongoni mwa madereva wa treni iliyomleta Rais kutoka Mombasa alikuwa mwanamke wa Kenya, Concilia Owire, na wanawake wengine walikuwa wamekwisha kufunzwa kazi hiyo. Wako waliocheka. Lakini injini haimwulizi mtu ndevu. Dizeli huzungusha jenereta, jenereta hupeleka umeme kwenye mota za magurudumu, na breki hushika kwa hewa. Kazi hiyo yataka fizikia na kichwa kitulivu.

Na mpira je? Hapa Eastlands chama cha MYSA kilianza Mathare mwaka 1987, na miaka ya kwanza mpira wake ulikuwa wa wavulana. Wasichana walipoingizwa mwaka 1992, kizuizi hakikuwa miguu yao. Kizuizi kilikuwa kazi za nyumbani, na wazazi walioona kwamba binti akienda uwanjani jiko limepoteza mikono miwili.

Tunajua maji hayaji kila siku, na mama yuko sokoni Muthurwa mpaka giza. Hatusemi kazi iachwe. Twasema igawanywe. Mvulana naye aweza kubeba mtungi, na baba aliyetoka zamu ya asubuhi hafi akiwasha jiko!

Jambo hili lina haraka. Tangu Januari 2026 mtoto anayeingia Gredi ya 10 huwa amekwisha kuchagua njia yake: sayansi na hesabu, elimu ya jamii, au sanaa na michezo. Msichana asiyepata hata jioni moja ya kusoma wala ya kucheza atachagua nini?

Tutalileta neno hili katika mkutano wa tawi. Twataka nafasi za wanagenzi wa karakana zinapotangazwa, karatasi ibandikwe pia katika shule za wasichana. Mwanachama mwenye binti na aje naye.