Dar mpaka Dakar, kupitia Istanbul?

Jamani, hivi nani alituchorea njia za angani Afrika hii? Nauliza kwa sababu hivi karibuni nilialikwa semina ya waandishi Dakar, Senegal. Nikakaa kwenye kompyuta ya ofisini kutafuta ndege. Ya kwanza kujitokeza: Dar es Salaam – Istanbul – Dakar. Nikadhani nimekosea kuandika.

Wapi! Nikachukua kalamu nikapiga hesabu. Dar mpaka Dakar, moja kwa moja, ni kama kilometa 6,700. Ndege inayokwenda kilometa 850 kwa saa ingetumia masaa manane. Unaondoka Dar saa 12 asubuhi, unafika Dakar saa 5 asubuhi ya kwao. Kupitia Istanbul ni zaidi ya kilometa 10,500, masaa zaidi ya 12 angani, na bado hujahesabu kusinzia kwenye viti vya uwanja wa ndege. Yaani Mwafrika anaikimbia Afrika ili afike Afrika! Njia ya Addis Ababa nayo ipo, ila nauli yake siku hizo ilikuwa juu zaidi.

Mhariri wangu alipoona bei alicheka, akanituma Dodoma.

Wakubwa wana jibu lao: hakuna abiria. Ni kweli, Dar na Dakar peke yake hazijazi ndege. Lakini hata daladala ya Bunju–Mwenge haijai pale Bunju. Inajaa Boko, Tegeta, Africana. Sasa mkataze konda asipakie njiani, uone kama kuna tajiri atakayeleta gari lake.

Ndivyo tulivyoifanyia ndege ya Afrika. Ili shirika la Tanzania lipakie watu Kinshasa na kuwashusha Dakar, serikali za Kongo na Senegal lazima zikubali. Wataalamu wanaiita haki ya uhuru wa tano. Mwaka 1999, mawaziri wetu waliafikiana kule Yamoussoukro kufungua milango hiyo. Januari 2018 Umoja wa Afrika ukazindua soko moja la anga, nchi 23 zikiwa za mwanzo. Hotuba zilitolewa, makofi yakapigwa. Ethiopian Airlines wao wamekuwa wakitua Bamako wakielekea Dakar. Wengine tunalinda mashirika ya taifa yasimezwe.

Hofu hiyo naielewa. Ila niulize kitu kimoja: unalinda nini kwenye njia ambayo ndege yako hairuki? Anayefaidika na mlango wako uliofungwa si shirika lako. Ni Istanbul na Dubai.

Haya, naandika haya nikiwa Dodoma. Treni ya umeme imenileta vizuri tu. Angalau yenyewe haikunipitisha Nairobi.