Usipatie jirani kile unachotenga kwa kuku

Wapendwa wanamemba wa koperative, leo sitazungumza juu ya mbolea wala nafasi ya kupanda. Nataka tuzungumze juu ya ile kona ya depo ambapo tunaweka chakula cha kusaidia wenye shida. Karibu kila koperative ninayotembelea iko na hiyo kona. Kwa wengine inaitwa «sehemu ya wagonjwa na wajane», kwa wengine «sehemu ya wakimbizi». Ni kitu kizuri. Lakini namna tunavyoijaza, mara nyingi, si nzuri. Nasema hivi kwa heshima, na mimi mwenyewe niko ndani ya kosa.

Mnakumbuka tarehe 4 mwezi wa tano 2023, siku ya Alhamisi. Mvua kubwa ilinyesha katika territoire ya Kalehe, mito ikashuka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi walibaki bila nyumba, bila shamba, bila sufuria. Nyuma ya siku chache nilikuwa kwa depo ya koperative moja ya mbali kidogo na pale, sitaji jina lake. Wanamemba walikuwa wanaleta maharagi. Mimi nilishika balansi, magazinie alikuwa anaandika.

Mifuko safi ilipangwa upande wa kushoto, ya kungojea mnunuzi wa Bukavu. Upande wa kulia wakaweka ile iliyotobolewa na wadudu, iliyochanganyika na vijiwe, na ile iliyobaki tangu sezoni iliyopita. Nikauliza: «Hii ya kulia inaenda wapi?» Magazinie akajibu bila ubaya: «Agronome, hii haiko ya kuuzisha. Ni ya kupatia wale bakimbizi.» Nikapima, nikaandika kilo, nikatia sahihi. Sikusema kitu.

Wiki iliyofuata, mama mmoja aliyepata fungu lake alinionyesha yale maharagi kwa kiganja. Hakulalamika. Aliniuliza tu: «Mwanangu, kwenu munakula hii?» Sikuwa na jibu. Tangu siku ile hilo swali halijaniacha, na ndiyo sababu ya kuandika hii barua.

Najua mtakachosema, kwa sababu nimekisikia mara nyingi: «Sisi pia tuko masikini. Mwenye njaa hachagui.» Neno la kwanza ni kweli. Hakuna mwanamemba wetu anayelala juu ya mifuko ya pesa. Lakini neno la pili silikubali. Mwenye njaa anachagua vilevile: anachagua kati ya kupika kile ulichompa na kuuza sufuria yake ya mwisho ili anunue kingine. Maharagi ya zamani sana yanakawia kuiva. Kama kwako yanakula kuni za saa mbili, hayo yatakula za saa nne. Mtu aliyepoteza kila kitu atatoa wapi hizo kuni? Tunafikiri tumempa chakula, kumbe tumempa deni la makala.

Mimi nalijua hilo kwa tumbo langu. Nilipokuwa mtoto tulikimbia vita, tukalala katika darasa moja la masomo pamoja na jamaa zingine. Siku moja tuligawiwa mahindi ya manjano, ya punje. Watu walifurahi. Lakini hatukuwa na kinu, na mashini ya kusaga ilikuwa mbali. Mama alibeba kichwani, na kwa kuwa hakuwa na hata franka moja, alimlipa mwenye mashini kwa mahindi yaleyale. Fungu letu lilirudi nyumbani limepungua sana. Waliotoa hawakuwa wabaya. Hawakuuliza tu: huyu mtu atapika na nini, na wapi?

Basi kama agronome nawaletea mambo manne ambayo naona yanatosha kubadilisha ile kona ya depo.

La kwanza: kuna vitu ambavyo havitolewi kabisa, hata kwa nia njema. Mahindi au karanga zenye ukungu si chakula. Ule ukungu wa kijani unaweza kutoa sumu inayoitwa aflatoksini, inayoharibu maini, na moto wa kupika hauiondoi. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo na 125 wakafa. Walikuwa wakulima kama sisi, wakila mahindi yao wenyewe yaliyowekwa mabichi. Mahindi yakaushwe mpaka unyevu ufike karibu 13 kwa mia mbele ya kuyafunga katika mfuko. Kama huna chombo cha kupima, uma punje: ikivunjika kwa sauti kavu, ni vizuri, ikibonyea, rudisha kwa jua.

Muhogo mchungu pia. Ugonjwa wa konzo, ule unaofanya miguu kukauka na mtu kushindwa kutembea, uliandikwa mara ya kwanza na munganga Trolli mwaka 1938, hapahapa kwetu Congo, upande wa Kwango. Unatokea pale watu wanapokula muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha, na wakati uleule hawana kitu kingine cha kutia nguvu kama maharagi au samaki. Huo ndio hali ya watu waliokimbia. Ukifupisha siku za kuloweka juu ya haraka ya «kusaidia», unaweza kulemaza mtoto wa mwenzako. Siku tatu ndani ya maji ziheshimiwe, halafu jua.

Na zaidi ya yote, mbegu yenye dawa, ile ya rangi ya waridi au ya kijani. Mwaka 1971 na 1972, huko Irak, wakulima walipewa ngano ya mbegu iliyotiwa dawa ya zebaki. Ilifika wakati wengi wamekwisha kupanda. Maandishi ya mifuko yalikuwa kwa lugha wasizosoma. Watu waliosha rangi, wakafikiri sumu imeondoka pamoja na rangi, wakaoka mikate. Zaidi ya 6,500 waliingia hospitali na zaidi ya 450 walifia humo. Kwa hiyo mbegu ya kupanda na chakula cha kusaidia visikae kona moja, hata usiku mmoja.

La pili: tutoe wakati wa mavuno, tusingoje wakati wa kilio. Kwetu Kivu tunavuna sezoni A mwezi wa kwanza na wa pili, sezoni B mwezi wa sita na wa saba. Njaa inauma kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na mbili, na tena mwezi wa nne na wa tano. Tukingoja msiba utokee ndipo tukusanye, tutakuta nyumba zote ziko na mabaki tu, na mabaki ndiyo tutatoa. Lakini siku ya kuvuna, kila mtu iko na kitu kizuri mkononi.

Tupige hesabu pamoja. Koperative ya wanamemba 120, kila mmoja akitoa kilo 2 za maharagi safi siku ya mavuno, ni kilo 240. Katika mpango wa kawaida wa msaada wa chakula, mtu mmoja anahesabiwa gramu 60 za maharagi kwa siku, pamoja na gramu 400 za unga au nafaka, mafuta kidogo na chumvi. Jamaa ya watu 5 kwa siku 30 inahitaji kilo 9 za maharagi. Kwa hiyo zile kilo 240 zinafikisha jamaa 26 mwezi mzima upande wa maharagi. Kilo 2! Wengi wetu tunapoteza zaidi ya hapo kwa panya. Sisemi kila mtu atoe sawasawa. Mjane mwenye shamba dogo anaweza kuleta glasi moja, na iandikwe kwa heshima ileile. Ninachoomba ni kwamba itoke kwa mfuko wa kushoto.

La tatu: tuulize mbele ya kutoa. Komite ya depo itume watu wawili, mmoja awe mama, waende kuuliza mambo madogo. Muko na sufuria? Mashini ya kusaga iko karibu? Kuna mtoto mchanga, mgonjwa, mzee asiye na meno? Mara nyingine mtajibiwa kwamba maharagi yapo, kinachokosekana ni chumvi, mafuta ya mawese, sabuni au makala. Basi tuuze kilo kumi, tununue chumvi. Na tusisahau jamaa zinazopokea wageni. Pale Kivu watu wengi waliokimbia hawako kambini, wako ndani ya nyumba za wenzao. Nyumba ya watu sita inakuwa ya watu kumi na nne kwa usiku mmoja, na sufuria ni ileile. Tukimpa mgeni peke yake, tunaleta uchungu katika nyumba iliyomfungulia mlango. Tuhesabu wote wanaokula chungu kimoja.

Na siku ya kugawa, tafadhali, tuache mambo ya kuita majina kwa megafone mbele ya soko zima. Tuache kumsimamisha mama na mfuko wake juu ya kupiga picha. Hesabu ya kilo iwe wazi: ibandikwe kwa mlango wa depo, kila mwanamemba asome ni ngapi ziliingia na ngapi zilitoka. Lakini majina ya waliopokea yabaki katika kitabu cha katibu. Kuna wanaosema bila picha wafadhili hawatasadiki. Mimi natumika na shirika la msaada, na ninasema: piga picha ya mifuko, ya balansi, ya kitabu. Uso wa mtu mwenye njaa si risiti.

La nne linatoka katika methali yetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimesikia watu wakiitumia vibaya. Mahali fulani, wakimbizi walilimishwa mashamba ya wakubwa wa komite mbele ya kupewa unga. Hiyo si methali, ni salongo ya lazima juu ya mgongo wa mwenye njaa. Jembe la methali ni la mgeni mwenyewe. Kumpa jembe ni kumpa na mahali pa kulilia kazi: kipande cha ardhi kwa sezoni moja, kwa mapatano yaliyoandikwa mbele ya mwenye shamba na shefu wa kijiji, ili kesho kusiwe ugomvi.

Hapa ndipo sisi wakulima tunaweza kufanya kile ambacho hakuna lori la msaada linaweza kufanya. Lengalenga inachumwa nyuma ya wiki nne hivi. Kamba za viazi bitamu hatununui, tunakata tu shambani. Majani yake, matembele, yanaliwa mbele ya viazi kuiva. Maharagi ya kifupi yanakomaa karibu miezi mitatu. Fungu la kamba, mikono miwili ya mbegu ya lengalenga na jembe moja: jamaa iliyofika bila kitu inaanza kupika kutoka shamba lake mbele ya sezoni kuisha. Na siku ikirudi kwake, inarudi na mbegu.

Mtaniuliza: na yale maharagi ya wadudu tufanye nayo nini, tutupe? Hapana. Chambueni, muchekeche, muyaanike, na kama bado yanafaa, tuyale sisi wenyewe nyumbani, kila mtu fungu lake. Yakiwa mabaya kwetu, ni mabaya kwa wote; yaende kwa mboji. Hicho ndicho kipimo changu, wala hakihitaji balansi: kila mfuko unaoingia kona ya msaada, magazinie achote glasi moja, ipikwe siku ile kwa mkutano wa komite, prezida aonje wa kwanza. Kama ataomba kuongezewa, mfuko ukubaliwe.

Mbele ya kupanda sezoni A, koperative nyingi zitaita mkutano mkuu. Naomba jambo hili liwekwe katika mazungumzo ya siku ile, lisiachwe mwisho wakati watu wameshika njia ya kurudi. Mupige kura juu ya mambo matatu tu: kiasi cha kutoa siku ya mavuno, watu wawili wa kwenda kuuliza, na glasi ya kuonja.

Kwa upande wangu, nimerudi kwa ile koperative ya Kalehe. Niliwaambia mbele ya wote kwamba siku ile nilitia sahihi na kunyamaza, na kwamba nilikosa. Mzee mmoja akasema: «Agronome, hata sisi tulijua.» Tukachekeana kidogo, halafu tukaandika kanuni mpya ya depo. Yule mama sijamwona tena. Kama atasoma hii au mtu atamsomea, jibu langu ni hili: hapana, mama, kwetu hatuli hiyo, na haikufaa uletewe. Utusamehe.