Tumpishe Aingie Kidato cha Tano

Mwaka 2004 Mzee Kimani Maruge alivaa kaptula ya shule na soksi ndefu, akaandikishwa darasa la kwanza huko Eldoret, Kenya, akiwa na miaka 84. Dunia ikampigia makofi. Mwaka uliofuata alifikishwa New York kuzungumzia elimu, na baadaye filamu ikatengenezwa juu yake. Dada wa miaka 29 wa mtaani kwetu akisema anaanza kidato cha tano, anaulizwa kama mume wake anajua.

Ndugu zangu, hapo kuna kitu hakijakaa sawa. Mzee akisoma tunafurahi kwa kuwa hatumdai chochote. Huyu wa katikati, mwenye watoto wawili na genge la nyanya, tunamwona kama aliyepitwa na basi anayelikimbilia na mizigo kichwani. Tunamcheka kwa upole, tena kwa maneno mazuri: "Si ungetafuta tu mtaji?" Na yeye, kwa kuwa ametusikia tangu utotoni, anaamini.

Hivi kuchelewa kulianza lini kuwa aibu? Novemba 1974, chama tawala TANU kilipokutana Musoma, kiliamua kwamba aliyemaliza kidato cha sita asikimbilie chuo kikuu. Apite Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi, ndipo aombe nafasi akiwa mtu mzima anayejua anachokitaka. Siombi turudi huko. Utaratibu ule uliwaumiza hasa wasichana, idadi yao chuoni ikapungua, na wao ndio wakawa wa kwanza kulegezewa. Ila inafaa tukumbuke kwamba nchi hii hii iliwahi kuona miaka ya kazi kuwa sifa kwa mwanafunzi.

Wanaochelewa sasa nao wanaongezeka, na sababu yake inajulikana. Novemba 2021 serikali iliruhusu waliokatiza masomo, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito, kurudi shuleni. Aliyerudi kidato cha pili Januari 2022 alimaliza cha nne mwaka 2024. Kama alipata krediti zake tatu za kuingilia kidato cha tano, umri wake si ule wa wenzake tena, na kuna mtoto nyumbani anayemwita mama. Juu yake ongeza waliomaliza kidato cha nne miaka kumi iliyopita wakakosa nauli, ada au mtu wa kuwaambia wanaweza. Uchaguzi wa serikali wa kidato cha tano unawapanga waliomaliza mwaka uliotangulia. Hao wengine wanabaki na njia ya mtahiniwa wa kujitegemea: kituo cha jioni, madesa ya kuazima, na mtihani wa NECTA mwezi Mei.

Nenda siku moja kwenye kituo kimoja cha jioni, saa kumi na moja. Mara nyingi ni darasa la shule ya msingi, madawati ya watoto, magoti yamegonga mbao. Wengi wanasoma tahasusi za sanaa kama HKL au HGL, kwa sababu fizikia na kemia zinahitaji maabara, na maabara za sekondari zimefungwa tangu saa nane. Mwalimu wa GS (General Studies) anauliza habari za kodi. Mama mmoja muuza samaki anaieleza kodi ya soko vizuri kuliko kitabu, na ushuru wa gati anaujua mpaka senti. Mwambie sasa aandike. Anaandika kama anavyosema kwenye mkutano wa mtaa: hakuna utangulizi, hoja tatu zimerundikwa aya moja, na Kiingereza hajakigusa tangu siku alipoweka kalamu chini kidato cha nne. Anapata 28 kwa 100. Anakunja karatasi, anaitia kwenye mkoba, na kama hakuna anayemwonyesha kosa liko wapi, Jumatatu haji.

Hapo ndipo ninapokuomba msaada wako, msomaji. Wanafunzi hawa akili wanazo, na nidhamu wanayo zaidi ya wengi waliokaa bweni. Wanachokikosa ni mtu wa kuwasahihishia. Mwenye miaka 17 ana mwalimu wa darasa, ana mitihani ya majaribio, ana wenzake wa kubishana nao usiku. Wa jioni ana saa mbili na kitabu cha kuazima. Wewe uliyepita advansi, uliye ofisini, kaunta ya benki au nyumbani umestaafu, chukua insha moja kwa wiki. Iwe ya historia, iwe ya GS. Weka alama kwa kalamu nyekundu, kaa naye dakika ishirini, mwonyeshe aya inavyoanza. Madesa yako yaliyo juu ya kabati nayo yashushe.

Wakuu wa shule, wengine mmekuwa waungwana sana. Wengine mnaweza kuacha ufunguo wa maabara kwa mwalimu mmoja Jumamosi asubuhi. Waajiri, Mei si mbali. Ruhusa ya siku za pepa isigeuke kesi. Na ninyi kina baba (hili naomba lisomwe kwa sauti sebuleni): saa mbili za jioni bila ya kuulizwa chai iko wapi zina thamani kuliko pongezi utakazotoa matokeo yakitoka.

Ukweli mwingine lazima usemwe. Advansi haimfai kila mtu. Anayetaka uuguzi au ufundi, na cheti chake cha kidato cha nne kinamruhusu, aende chuo cha kati moja kwa moja. Asipoteze miaka miwili kwa ajili ya jina. Mwenye krediti mbili ana kazi ya kurisiti kwanza, mtihani ni Novemba. Lakini anayetaka digrii ya ualimu, sheria au uhasibu asitishwe na hadithi kwamba lazima apate daraja la kwanza. Kima cha chini cha kuingilia vyuo vikuu ni masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4, yaani D mbili. Ushindani upo, na kozi nyingine zinadai zaidi, ila mlango ni mpana kuliko anavyoambiwa kijiweni.

Usajili wa mtihani wa Mei hufanyika mwaka unaotangulia, tena huisha mapema kuliko watu wanavyodhani. Basi kama nyumbani kwako yupo wifi, shemeji, dada wa kazi au kaka aliyeishia kidato cha nne, mwambie wiki hii akitoe cheti sandukuni mhesabu pamoja zile krediti. Zikifika tatu, mpeleke mwenyewe hadi kituo cha mtihani kilicho karibu mkaulize ada na tarehe. Yule wa genge la nyanya mimi nimeshamchukulia insha za historia. Za GS bado hazina mtu.