Stara ya Kuazima

Hapa Myanga, Bungoma, tunaishi ukuta kwa ukuta na jirani zetu Wakristo. Basi tunawaombeni mtazame Watu Wote, filamu fupi ya mwaka 2017 kuhusu basi lililovamiwa Mandera Desemba 2015. Jua, Mkristo ambaye magaidi walimuulia mume na mtoto, anasafiri na Waislamu asiowaamini. Wavamizi wanapofika, wanawake wa Kiislamu wanamsitiri kwa hijabu. Mwalimu Salah Farah, aliyekataa kweli abiria watengwe kwa dini, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Mola amrehemu. Watoto watauliza: mbona Jua alituchukia? Waelezeni kwanza habari za mume na mwanawe.